Elektroni Tisa za Mjomba Rafaeli

Jumatatu, 9 Juni 2025

Likizo imeanza na mimi siwezi kutulia. Nikikaa nasimama. Nikisimama natembea. Nimekizunguka chumba changu hapa Nyasho, Musoma, mpaka mwenye nyumba akabisha hodi kuuliza nimepoteza nini.

Sijapoteza kitu. Bado. Madam Dorkas, mkuu wetu wa shule, ametangaza leo kwamba ukuu wa idara ya sayansi utakwenda kwa mwalimu atakayefanya vizuri kwenye maonyesho ya walimu kule Butiama. Jumamosi hii! Tunaogombea ni wawili. Mimi Boniphace, mwalimu wa fizikia, miaka tisa kazini. Na Benson wa kemia, miaka mitatu kazini, mwenye projekta.

Cheo chenyewe nakitaka kwa ajili ya Debora. Ni mchumba wangu, yuko Bunda, ana duka la dawa za mifugo. Baba yake, Mzee Mwikwabe, ameingoja mahari mwaka wa tatu sasa. Kila mwaka namwambia ng'ombe sina, angoje nipate cheo. Mwezi uliopita Debora akasema hii ndiyo likizo ya mwisho kungoja. Hakupaza sauti. Hilo ndilo lililonitisha.

Mada ya maonyesho: elektroni na mkondo wa umeme ndani ya nukta za kwantamu. Nimesema mbele ya walimu wote kwamba nukta hizo nazijua tangu chuoni. Uongo. Chuoni sura hiyo tuliiruka.

Jumanne, 10 Juni

Nimesoma kutwa kwenye simu. Kumbe ni rahisi! Au ni ngumu mno. Nabadilisha mawazo kila nusu saa.

Ninavyoelewa hadi sasa: semikondakta ni kitu ambacho hakijaamua. Si waya unaopitisha umeme ovyo, si mpira unaoukataa kabisa. Ukikata kipande chake kidogo sana, kiasi kwamba maelfu ya vipande hivyo kwenye mstari havifikii unene wa unywele, umepata nukta. Elektroni ikiingia humo imebanwa, haina pa kukimbilia. Na elektroni hazipendani. Iliyo ndani inamsukuma mwenzake wa nje asiingie. Umeme unakwama! Mpaka uongeze volti. Hapo ya ndani inatoka upande wa pili, nyingine inaingia. Moja. Tena moja. Tena moja. Foleni ya chai pale shuleni ingekuwa hivyo tungeheshimiana.

Jioni nikapata wazo la kwanza. Baa ya hapa jirani ina televisheni mpya, na fundi aliyeifunga alisema rangi zake zinatoka kwenye nukta za kwantamu, ndogo hutoa buluu, kubwa kidogo nyekundu. Nikamwomba mama mwenye baa aniruhusu nifungue kwa nyuma, dakika tano tu. Akasema atanifungua mimi kwanza. Wateja wakacheka. Nikamaliza soda yangu nimesimama.

Njiani nikakutana na Benson, kaikumbatia projekta kama mtoto mchanga. Akauliza kwa upole kama nahitaji msaada. Mnafiki! Nikamjibu kwamba mimi sitaonyesha picha za elektroni, nitaonyesha elektroni zenyewe. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ila nimeshasema.

Jumatano, 11 Juni

NIMEPATA! Nimeamka nalo kichwani, sikunywa hata chai, nikachukua pikipiki hadi Butiama.

Mjomba wangu Rafaeli anaishi jirani na uwanja wa maonyesho, ana ng'ombe tisa. Zizi lake limepakana na la jirani yake, Mzee Baltazari. Katikati kuna zizi la ndama, dogo, lina milango miwili, kila mmoja kwa upande wake, maana zamani wazee hawa walitunza ndama pamoja kabla hawajagombana kwa ajili ya jogoo. Ng'ombe mzima akiingia humo, wa pili haingii. Akijaribu anapigwa pembe. Hiyo ndiyo nukta ya kwantamu! Ng'ombe wanatoka kwa Mjomba, wanapita kwenye nukta mmoja mmoja, wanaishia kwa Mzee Baltazari. Na volti ni magadi. Ng'ombe wa kwetu akinusa magadi hana dini tena.

Nikamwambia Mjomba wataalamu wanakuja Jumamosi kuwatazama ng'ombe wake. Si uongo. Watawatazama. Akauliza kama watachanja bure. Nikasema mambo hayo yana ngazi zake.

Kisha nikaenda kwa Mzee Baltazari. Mzee anapenda adabu, kwa hiyo nikavua kofia tangu mlangoni. Nikasema Jumamosi, kama ataridhia, ningependa kuleta ng'ombe tisa wa Mjomba nyumbani kwake, mbele ya mashahidi kutoka Musoma, waingie zizini mwake mmoja mmoja. Akauliza kama Mjomba ameafiki. Nikasema kabisa. Akauliza kama tisa ndio mwisho, maana enzi zao walikuwaga wengi zaidi. Nikasema wakiwa wengi ni bora, lakini kwa kuanzia tisa wanatosha. Akasema hilo neno kuanzia amelipenda. Akauliza kama nimeshaongea na Judith, binti yake, fundi cherehani. Nikaona anawaza chakula cha majaji. Nikasema bado, ila nitafurahi sana Judith akiwepo siku hiyo. Mzee akafuta macho. Akaniita mwanangu.

Sikujua kwamba Butiama wanaipenda fizikia kiasi hiki.

Alhamisi, 12 Juni

Bunda, dukani kwa Debora, kuchukua magadi. Nilitaka kilo tano. Akauliza ni ya nini. Nikasema ni ya ng'ombe wa safari, mengine ni siri mpaka Jumamosi. Akaniangalia. Akauliza ni ng'ombe wangapi. Nikasema tisa. Akageuka kupanga chupa za dawa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Halafu akanifungia kilo kumi. Akakataa malipo. Akasema ng'ombe wa safari wasinyimwe chumvi, na alikuwa akiimba kidogo. Sijui alifurahia nini, biashara ni mbaya mwezi huu, amesema mwenyewe. Baba yake akatokea nyuma ya duka, akanipa mikono miwili. Mzee Mwikwabe! Ambaye miaka mitatu hii ananisalimia kwa kidevu!

Nilitaka kukaa, lakini miguu inawasha. Wamepika sato, nimekula nusu, nimeondoka.

Ijumaa, 13 Juni

Butiama tena, kufanya mazoezi. Mzee Baltazari amekataa katakata. Amesema jambo kama hili halifanyiwagi mazoezi, ni nuksi. Nikajaribu kumweleza kwamba sayansi bila majaribio si sayansi. Akasema majaribio ndiyo yanayoharibu mabinti siku hizi. Sikumwelewa, nikaliacha.

Nimekuta akina mama wanakandika ukuta. Kwaya ya kigango inafanya mazoezi chini ya turubai. Turubai! Kwa ajili ya elektroni! Benson na projekta yake atapata wapi kwaya?

Mzee pia amempelekea Mjomba jogoo mkubwa, bila maelezo. Mjomba hakuuliza, maana hawaongei. Amemchinja. Tumemla.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeamka na tai nimeshaifunga. Naandika upesi.

Majaji watatu walitakiwa kufika saa mbili asubuhi, ng'ombe wakiwa wapole. Projekta ya Benson ikawachelewesha. Wamefika saa saba, jua linachoma, nzi wamejaa, ng'ombe wanapiga miguu. Na nukta ya kwantamu inataka baridi! Kwenye joto elektroni hazishiki foleni, zinarukaruka. Nikawaeleza majaji hivyo. Wakaandika. Nikapata moyo.

Madam Dorkas alikuwepo. Benson alikuwepo, mikono mfukoni. Nusu ya kijiji ilikuwepo, na simu zao hewani.

Nikafungua mlango wa Mjomba. Ng'ombe wa kwanza, yule mwekundu, akaingia zizi la ndama akajaa. Wa pili akamfuata, akapigwa pembe, akarudi. Nikapaza sauti: mkondo umekwama! Jaji mmoja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sikuwahi kutikisiwa kichwa hivyo maishani.

Nikamwaga magadi kwa Mzee Baltazari, kiganja kimoja. Mwekundu akanusa, akatoka upande wa pili, akaingia zizini. Vigelegele! Wa pili akaingia kwenye nukta. Magadi tena. Akavuka. Vigelegele! Kila elektroni ikivuka, vigelegele. Nikaona hawa mama wameelewa kuliko kidato cha sita wangu.

Wanane wakapita hivyo. Wa tisa ni fahali. Kwa joto lile hakungoja mlango. Fizikia inasema elektroni inaweza kutokea upande wa pili wa ukuta bila kuuruka. Fahali wa Mjomba alifanya vivyo hivyo, isipokuwa ukuta wenyewe haukubaki. Nikaruka juu kwa furaha nikipiga kelele: amepenya! Amepenya! Kwaya ikadhani ni zamu yao, wakaanza kuimba.

Hapo Mzee Baltazari akaziba pengo kwa magogo, akafunga zizi lake kwa mnyororo. Akapanda kwenye kiti. Akasema katika maisha yake hajawahi kuona kijana wa Musoma aliyeleta mahari wazi namna hii, mchana kweupe, na tai, na walimu wake kama washenga. Akasema kuanzia leo mimi ni mkwe. Katekista akasali. Judith akatolewa ndani na gauni jipya, uso wa mtu aliyeitwa polisi.

Mahari. Mahari! Mimi, mtoto wa Mara, niliyezaliwa kwenye kinyesi cha ng'ombe, nimeswaga ng'ombe tisa kutoka boma la mjomba hadi boma la mtu mwenye binti, mbele ya mashahidi, na nilichokiona mimi ni elektroni!

Nikawakimbilia majaji kueleza. Wakanipa mikono. Walisema sherehe ilikuwa nzuri sana, ila hawawezi kuipa alama kwa kuwa ni jambo la familia. Wakanizawadia chupa ya chai. Benson ni wa kwanza. Ukuu wa idara ni wake.

Mjomba Rafaeli akaja taratibu. Akauliza chanjo iko wapi. Halafu akauliza kwa nini ng'ombe wake wamefungiwa kwa Baltazari. Nikaanza na semikondakta.

Jumapili, 15 Juni

Nimelala kwa Mjomba, yaani nimegeukageuka. Wazo: mkondo ukigeuziwa volti, unarudi! Asubuhi nikamwaga magadi yote yaliyobaki upande wa Mjomba nikawaita. Wakanusa. Wakaja hadi kwenye mnyororo. Wakalia. Mnyororo haujui fizikia.

Judith alikuwa akiwapa majani. Akaniuliza kama mimi ndiye bwana harusi. Nikasema kuna kutoelewana. Akasema afadhali, kwa sababu yeye jana hakuona mume pale, aliona mchunga ng'ombe aliyevaa tai, anarukaruka. Akaongeza kuwa tai yenyewe imeshonwa vibaya. Maneno hayo yameniuma kuliko nilivyotarajia, maana simtaki.

Picha ziko kwenye makundi yote. Madam Dorkas amenipongeza. Mwenye nyumba wa Nyasho amenipongeza. Debora hapokei simu. Nimepiga mara kumi na nne.

Jumatatu, 16 Juni

Kikao. Mjomba upande huu, Mzee Baltazari upande ule, katekista katikati, mimi nimesimama kwa kuwa hakuna aliyenipa kiti.

Nikaeleza nukta za kwantamu kuanzia mwanzo: Mjomba mwanzo wa waya, Mzee Baltazari mwisho wa waya. Katekista akasema labda nianze kwenye magadi. Mzee Baltazari akasema alichokisikia Jumatano ni maneno ya posa, na posa haina jina lingine hata ukiisomea chuo kikuu. Nikayarudia maneno yangu kichwani. Ana haki. Ni posa tupu. Ni posa nzuri, hata mimi ningeikubali.

Judith ndiye aliyetuokoa. Akasema mbele ya wote kwamba haolewi na mtu aliyemwita baba yake mwisho wa waya. Mzee akainama. Nikaona jinsi alivyokuwa amefurahi tangu Jumatano, na jinsi nilivyomvua furaha hiyo mbele ya kijiji kizima. Nikaona aibu ya kweli, kwa muda.

Hukumu: wanane warudi. Mmoja abaki achinjwe, kufuta vigelegele. Mjomba akapiga kelele kwamba sheria hiyo hajaisikiaga tangu azaliwe. Mzee Baltazari akasema hata yeye hakusikiaga mahari ya elektroni. Yule mwekundu amebaki. Mjomba ameniambia nisikanyage kwake mpaka nimlete mwingine kama yule. Ng'ombe wa maskini hazai, na wangu hata si wangu.

Jumanne, 17 Juni

Bunda. Nimekwenda asubuhi, nimepanga maneno njia nzima.

Nyuma ya duka kuna zizi jipya. Miti mibichi, bado inatoa utomvu, lango limepigwa misumari vizuri. Nikamuuliza Mzee Mwikwabe kama amenunua ng'ombe. Akaingia ndani akafunga mlango polepole, na kitasa kikalia.

Debora akatoka. Akaniacha niseme. Nikamweleza yote: zizi la Mjomba, zizi la ndama, magadi. Nikamwambia hakukuwa na mahari yoyote, ilikuwa mfano tu, yaani ng'ombe hawakuwa ng'ombe. Akauliza kama magadi yake yalikuwa magadi. Nikasema hapana, yalikuwa volti. Akafumba macho.

Kisha akauliza, kwa utulivu kabisa, yule ng'ombe anayeingia kwenye zizi la ndama anafanya nini humo. Nikafurahi! Nikasema hafanyi kitu, anakaa tu, lakini kwa kule kukaa wengine wote hawapiti. Akauliza anakaa mpaka lini. Nikasema hata milele, usipofanya chochote kumwita upande wa pili.

Akasema sasa ameelewa. Akasema miaka mitatu yuko ndani ya zizi la ndama. Wapo waliokuja hapa dukani na maneno ya heshima, wakaambiwa kuna mtu. Na Boniphace hajawahi kumwaga hata chembe ya chumvi upande wa pili, ila juzi alikuwa nayo kilo kumi, akaimwaga kwa Baltazari. Akasema baba yake alijenga lile zizi Ijumaa na Jumamosi, mwenyewe, na mgongo ule. Alikuwa akinitazamia barabarani mpaka jua lilipozama.

Akasema anatoka. Basi. Hakulia, mimi ndiye niliyelia kidogo, na hata huko kulia sikutulia, nilikuwa natembea. Akarudi kuhudumia mteja wa dawa ya kupe.

Nampenda. Naandika hapa kwa sababu sikulisema pale. Nilisema volti.

Jumatano, 18 Juni

Sijatoka ndani. Sijala. Nimezunguka chumba.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeamka mwepesi! Nimeelewa jambo.

Nimefundisha fizikia miaka tisa, na sijawahi kusikia mtu akieleza kukwama kwa mkondo kwenye nukta vizuri kama Debora juzi. Hakutumia ubao. Hakutumia hata kalamu. Benson angemsikia angeuza projekta.

Basi nimemwandikia barua, kurasa mbili, kwa heshima zote. Sijagusa habari za mapenzi, nisije nikamuudhi. Nimemwomba ruhusa ya kutumia maelezo yake kwenye maonyesho ya mwakani, nikitaja jina lake. Nimemwahidi pia kwamba kosa lililotokea Butiama halitarudiwa, maana nimeligundua. Kosa lilikuwa kutumia maboma ya watu wawili tofauti. Watu wakaona mali inahama. Safari hii kila kitu kiwe ndani ya boma moja, na lango imara, fahali asipenye.

Na zizi la namna hiyo ninalijua. Ni jipya, nguzo zake nimezitikisa mwenyewe, na halina hata ng'ombe mmoja ndani. Kesho asubuhi nakwenda Bunda kumwomba Mzee Mwikwabe aniazime. Nitavua kofia tangu barabarani.